Mhuri Aliousubiri Fundi Pantaleo Masele

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, nanyi mafundi mliofunga karakana kuja hapa, familia inawasomea maisha ya Pantaleo Masele, Baba Justa, kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 Segese, mtoto wa nne wa mkulima na mfugaji, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, akajifunza uchomeleaji, na mwaka 1992 akafungua karakana Nyasubi. Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Apolonia, wakajaliwa Justa, Edward na Ritha.

Tangu mwaka 2003 alitengeneza makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu Rwamgasa, akishika zebaki ya kunasia dhahabu kwa mikono mitupu kama wenzake, mpaka vidole vikatetemeka na kushika kikombe cha chai kukawa kazi, ndipo akaapa kuunda mtambo wa kukamata dhahabu bila zebaki, na mwaka 2020, baada ya kuharibu mapipa mengi, akaupata.

Tarehe 11 Machi 2021 alipeleka michoro kwenye ofisi ya serikali inayopokea maombi ya hataza, yaani haki ya mbunifu kutambuliwa kuwa kitu ni chake, akanyimwa mhuri wa mapokezi, ambao tarehe yake ndiyo huonyesha nani ametangulia, karani akimwambia, Mzee, nikigonga mhuri siku za kukujibu zinaanza kuhesabika, na sisi hifadhidata ya hataza za dunia tulikuwa tunailipia kwa mwaka, muda umekwisha, hatuna pa kuangalia kama chako ni kipya, rudi ikinunuliwa. Akarudi. Zabuni ya kuinunua ilikuwa imefutwa, kwa sababu walitaka wauzaji watatu washindane, na hifadhidata ile ina muuzaji mmoja, sasa hao wawili walitegemea watoke wapi, mnadani? Akarudi tena, akaambiwa mwaka wa fedha umeisha, zabuni inaanza upya. Mtambo akaufunika shuka, akaendelea na zebaki kama zamani, majirani wakauita Bibi Harusi, wakimtania, Baba Justa, huyu mahari yake haiishi tu? Naye akicheka, maana aliambiwa asubiri, na alikuwa mtu wa kutii.

Septemba 2022 maofisa wa serikali walimletea gari, wakambembeleza aupeleke kwenye maonyesho ya madini Geita, akaufunua, akaueleza nati kwa nati kwa kila aliyeuliza, kwa kuwa kwetu mgeni akiuliza njia huonyeshwa, nao wakapiga picha.

Hifadhidata ilinunuliwa Februari 2025, wakautafuta humo mtambo wake, wakaukuta, umesajiliwa na kampuni ya nje iliyoomba miezi mitano baada ya maonyesho yale. Karani akamwambia kwa upole, Mzee, chako si kipya.

Aprili 20 alilazwa, figo zimeharibiwa na zebaki, akafariki tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi. Baba Paroko utusamehe, familia haitasema ni mipango ya Mungu tu, Mungu hakufuta zabuni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nyasubi, na mafundi wenzake wa Rwamgasa waliochomelea msalaba huu. Ofisi ile nayo imetuma barua ya rambirambi, imefika jana, ina mhuri na tarehe.

Tumeiweka ndani ya jeneza, juu ya michoro yake. Baba Justa, pumzika kwa amani.