Maji ya Nusu Kikombe

Pandit Shastri, aliyefundisha Kisanskriti hapa Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu, miaka thelathini na mmoja, alisimama ndani ya mto Ganga maji yakimfika magotini, ufuta wa tambiko kiganjani, mdomo wazi. Kuhani alitaka ukoo na jina la marehemu, ili maji ya kumtolea yamfikie. Ukoo haukusumbua: asiyejulikana hupewa ule wa Kashyapa, mhenga wa kale. Jina je? Shastri akakohoa, akasema, "Nusu Kikombe." Kinyozi wa kwenye ngazi za mtoni alicheka mpaka akaangusha wembe. Sasa yeye na wenzake wawili walikuwa wamerudi kwenye benchi la chai la Dulari, nguo zikichuruzika, nafasi ya marehemu iko wazi katikati yao. Kuhani alikuwa amewapa muda hadi jua lizame. Bila jina, mzee ataondoka na kiu.

— Miaka kumi na mmoja! Dulari alisema, akimtilia Shastri kijiko cha tatu cha sukari. Kila siku yule mzee alikunywa nusu, akaacha nusu.

— Panditji, hiyo lugha yako ya miungu imekosa neno? aliuliza Redio, mpiga makasia mstaafu aliyeitwa hivyo kwa kutonyamaza.

— Lipo. Kasyachit. "Wa mtu fulani." Tutasema, mwana wa mtu fulani.

— Fulani! Huko juu si watagombania hayo maji?

— Basi tuseme "wetu."

— Wetu nani? Kuhani anataka jina, bwana.

Wakili, aliyebandikwa jina hilo kwa kesi yake ya shamba isiyokwisha, akainua kidole.

— Mimi nasema alikuwa mfalme mafichoni. Wafalme hawamalizi kikombe. Sumu hutuama chini.

— Mfalme gani ana ndara za rangi mbili? Redio akadakia. Yule alikuwa mpelelezi.

— Apeleleze nini hapa, mapengo yako?

— Acheni, Shastri alisema polepole. Siku ya kuchoma mwili wa mke wangu, ni yeye aliyenishika mkono. Hakuuachia mpaka moto ukazimika.

Mama mmoja mgeni, aliyekuja kuhiji na alikuwa akisubiri chai, akainamia upande wao.

— Samahani, baba. Na huyo aliyekaa kando yako, yeye jina lake halisi nani?

Shastri alimtazama Redio. Redio akatazama kikombe chake cha udongo. Wakili akajikuna goti. Jua lilikuwa limeshagusa mapaa. Shastri akamgeukia Dulari, macho yakiomba msaada.

— Usinitazame mimi, Dulari alisema. Ukifa wewe, nitamwambia kuhani "Sukari Tatu."