Katuni ya Makereta Imegoma Kufunguka

Benchi la bandarini Suva lina wenyewe, na wenyewe ni watu wa kisiwa cha Kadavu. Profesa, dereva teksi mstaafu asiye na cheti hata kimoja, hukaa katikati. Satelaiti, mpagazi, hukaa ukingoni. Makereta, mwenye kibanda cha kava, kile kinywaji cha mizizi, huwachanganyia bakuli na kuwavumilia. Mchana huo uvumilivu ulikuwa umemwishia. Meli ya Kadavu ilikuwa inapakia, Mwalimu Ilaitia alikuwa na mkoba wa tableti za shule ya kisiwani, na katuni ambayo Makereta aliichora miaka mitatu kwa lugha ya kwao ilikuwa imegoma kufunguka. Kule kisiwani mtandao ni wa kubahatisha. Isipofunguka hapa, watoto wataendelea kusoma habari za theluji.

— Inasema faili ya aina hii haiijui, alisema Mwalimu.

— Mbona nimeshaitibu? alisema Satelaiti. Nimefuta herufi ya mwisho ya jina lake, nikaweka ile inayotakiwa.

— Ikafunguka? aliuliza Makereta.

— Imekataa, ila sasa inakataa kwa heshima.

— Programu hizi zimetengenezwa ng'ambo, binamu, alisema Profesa. Zikikuta maneno ya Kadavu zinafunga mlango.

— Acha uongo, mzee, alisema Satelaiti. Ni jua. Faili ikipigwa jua inavimba, haipiti.

— Faili inavimba? Kwani maandazi? Mimi nimewahi kumbeba mtu wa kompyuta kutoka Nadi mpaka hapa. Aliniambia hizi mashine zinasikilizana. Moja ikisusa, zote zinasusa. Mwalimu, itenge hiyo kabla haijawafundisha wenzake.

Mwalimu, bila aibu, akaitoa mkobani ile tableti iliyosusa na kuiweka mbali na zingine.

Makereta alitamani kulia, akaona hana muda.

— Satelaiti, ukiandika unga kwenye gunia la mchele, utapika chapati? Umebadilisha jina tu. Kurasa zimefungwa vilevile, kwa namna ambayo tableti hizi hazijui kuifungua.

Akachukua simu yake. Akazitoa kurasa zote kwenye kifurushi, akazifunga upya kwa namna nyepesi inayofunguliwa na mashine yoyote. Meli ikapiga honi. Mwalimu akasimama.

— Haitatungoja, dada.

— Sijaiomba ingoje. Kaa.

Akaunganisha waya, akazijaza tableti moja baada ya nyingine. Ukurasa wa kwanza ukatokea: nguruwe mnene juu ya paa la kanisa. Benchi zima likapiga makofi mazito, yale ya kupokelea kava.

Bibi mmoja msafiri, Ulamila, aliyekuwa ameketi na mikeka yake akingojea meli hiyohiyo, aliinamia kioo.

— Wanangu, hii katuni mmeipata leo?

— Aa, tangu Krismasi, bibi, alisema Satelaiti. Alitutumia sote kwenye simu. Tulimpigia makofi hapahapa.

— Na kwenye simu zenu inafunguka?

Profesa akaitazama meli. Satelaiti akajikuna shingo. Mwalimu akaanza kufunga mkoba uliokwisha kufungwa.

Makereta akaelewa, na ikamuuma. Kwao zawadi hupokewa kwa makofi, wala haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Hawa hawakuifungua hata alipowapa kisogo. Miezi yote hiyo walikuwa wakimsifia.

Mwalimu na bibi wakaondoka mbio kuiwahi meli, mkoba na mikeka vikigongana. Makereta akalifunika bakuli kwa sinia, akakaa karibu nalo.

— Leteni simu zenu. Nawatumia upya.

— Binamu, kava itapoa, alisema Profesa.

— Ni ya baridi tangu asubuhi. Soma.

Profesa akasoma, midomo ikicheza, kidole kikifuata maneno ya kwao ambayo hakuwahi kuyaona yameandikwa popote isipokuwa kanisani. Ukurasa wa pili akaisogeza simu karibu na macho. Wa tatu akacheka mpaka akakohoa, akaficha simu Satelaiti asichungulie.

Makereta akainua sinia, akachota kifuu kimoja, akampa Profesa peke yake.