Dancan Munyao na Cheti Ambacho Guleid Hakuwa Nacho

Dancan Munyao, ambaye tumemleta kumzika leo Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2025, hapa Nguni katika shamba la babu yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 mjini Garissa. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Josephat Munyao, askari wa magereza, na Mama Beth Kalekye, aliyeuza mitumba sokoni. Kwa miaka minne alikuwa mtoto peke yake nyumbani, na hali hiyo ilimfaa sana. Dada yake Mueni, anayewasomea maneno haya, alipozaliwa mwaka 1987, Dancan alimtazama, akazunguka kitanda mara moja, kisha akamuuliza mama yake mgeni huyu anarudi kwao lini. Alipojibiwa kwamba kwao ni hapa hapa, alisusa uji mpaka jioni.

Basi na lisemwe mapema, kabla wenye kunong'ona hawajaanza: marehemu alikuwa mtu wa wivu. Hakuwa mchoyo wa chakula. Mgeni akifika kwake alikula mpaka akaomba ahurumiwe. Wivu wake ulikuwa wa masomo, wa kazi na wa kutajwa jina, na yeye mwenyewe aliagiza akiwa kitandani kwamba asije akapambwa siku ya leo. "Mkisema nilikuwa malaika," alimwambia Mueni, "watu wa Garissa watapanda magari yao warudi."

Mwaka 1990 alianza darasa la kwanza katika shule moja ya msingi mjini Garissa, akaketishwa dawati moja na Guleid Aden, mwana wa mfanyabiashara wa ngamia. Guleid alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye mwandiko wa kupendeza, na hakuna aliyewahi kumwona akidurusu. Dancan alidurusu mpaka macho yakawa mekundu. Katika mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, Guleid alimshinda kwa alama tatu. Mzee Munyao alifurahi kwa wote wawili, akachinja mbuzi, akamwalika Guleid na baba yake. Dancan alikaa na wageni, akawanawisha mikono kwa adabu zote, lakini nyama ile hakuigusa.

Na bado walikuwa marafiki. Idd ilimkuta Dancan kwa kina Guleid, Krismasi ikamkuta Guleid kwa kina Dancan. Walisoma sekondari pamoja kuanzia 1998 hadi 2001, wakaenda Nairobi kusomea stashahada ya teknolojia ya habari, wakamaliza mwaka 2005. Mwaka uliofuata kampuni moja ya mitandao mjini Garissa ikawaajiri wote siku moja. Meneja wao, Bwana Mureithi, aliwaambia waziwazi jinsi mambo yalivyo. "Stashahada imewafikisha mlangoni. Humu ndani mtapanda kwa vyeti, na kila cheti kinaoza baada ya miaka mitatu, unarudia mtihani au unakipoteza. Kwa hiyo chagueni kitu kimoja mbobee."

Guleid alichagua. Alipata cheti cha kwanza cha mitandao mwaka 2008, akapanda hadi cha juu yake, kisha akaingia usalama wa mitandao, hatua moja juu ya nyingine. Dancan naye alichagua, ila alichokichagua kilikuwa kile cha Guleid. Alipata cheti cha kwanza mwaka mmoja baada yake. Akiwa nusu ya njia kukisomea cha juu, alisikia Guleid amehamia usalama, akaacha, akahamia usalama. Guleid alipoguswa kidogo tu na habari za seva, Dancan alinunua vitabu vya seva. Baada ya miaka kumi alikuwa na vyeti vinne, vyote vya mwanzo, vya kazi nne tofauti. Siku moja Bwana Mureithi alivitazama ukutani, akamuuliza bila ubaya wowote, "Hivi Dancan, wewe hasa ni fundi wa nini?" Dancan aligeuka akavitazama vyeti vyake kimoja kimoja. Swali lile lilimfuata kwa miaka mingi.

Tarehe 10 Desemba 2011 alifunga ndoa kanisani, Garissa, na Mwalimu Risper Kemunto, aliyekuwa amehamishiwa huko kutoka Kisii. Ilikuwa harusi ya kufana. Bahati mbaya wiki ile ile Guleid alipandishwa cheo, na wageni walipomaliza kuwapongeza maharusi waligeuka na kumpongeza yeye. Anayetaka ushahidi aangalie picha: bibi harusi anacheka, na bwana harusi amekunja uso kama mtu aliyeibiwa viatu. Risper amesema mara nyingi kwamba kama angekuwa mwanamke wa kununa, angenuna kwa sababu moja tu, kwamba mezani kwake jina la Guleid lilitajwa mara nyingi kuliko lake. Mungu aliwabariki kwa watoto wawili, Mwende na Kioko.

Mwezi wa Mei mwaka 2018, maji ya mto Tana yalipofunika barabara kule Madogo na magari yote yakakwama, Dancan alimuaga mkewe kwamba anakwenda Mwingi kumwona shangazi mgonjwa. Guleid alikuwa amewaaga wa kwake kwamba anakwenda Eastleigh kwa ndugu. Wakakutana ndani ya boti moja ya kuvusha watu, na kila mmoja akamwambia mwenzake uongo ule ule. Katikati ya maji mwenye boti akapaza sauti kila mtu ashike vitu vyake vya thamani visilowe. Dancan akatoa mfuko wa plastiki wenye kitambulisho na pasipoti. Guleid akatoa mfuko wa plastiki wenye kitambulisho na pasipoti. Nani asiyejua, katika kazi ile, kwamba kituo cha mtihani hakikuruhusu kuingia bila hati mbili?

"Warya Munyao," Guleid akasema, kwa ulimi wake wa Kisomali unaogeuza p kuwa b, "shangazi yako wa Mwingi anataka basboti?"

Boti nzima ilicheka bila kujua inacheka nini. Walifika Nairobi wamelowa hadi magotini, wakafanya mtihani ule ule wa usalama, kompyuta mbili zikiwa zimepakana. Majibu ya mitihani hiyo hutoka papo hapo kwenye kioo. Guleid alipita. Dancan alianguka. Guleid hakusherehekea. Alimnunulia chai, akamwambia maneno ambayo Dancan aliyachukia kwa miaka kwa sababu yalikuwa ya kweli: "Wewe hutaki hii kazi. Wewe unataka yangu. Ukinifuata hivi utaona kisogo changu bas."

Aliporudi nyumbani Dancan alifanya jambo la busara kwa sababu isiyo ya busara. Alijiuliza ni kitu gani Guleid hatakigusa maisha yake yote, na jibu lilikuwa rahisi. Guleid aliogopa kupanda juu. Hata ngazi ya kubadilishia balbu ilimtoa jasho. Basi Dancan akaenda kusomea minara, yaani mitandao ya masafa marefu isiyotumia waya, ile ambayo dishi hufungwa juu ya mnara mmoja likaelekezwa kwa mnara mwingine mbali kabisa. Alipanda mnara wa Tarbaj, akapanda wa Banissa, akapanda wa Rhamu kando ya mashamba ya mto Daua. Alichomwa na jua mpaka watoto wake wakamcheka. Mwezi wa Machi 2020 alipata cheti cha ubingwa wa minara, na katika ofisi ile yote hakukuwa na mwingine aliyekuwa nacho. Alikirudia mwaka 2023, akakipata tena. Sasa mtu akimuuliza yeye ni fundi wa nini, alijibu kabla swali halijaisha.

Kile alichokipata alikilinda. Vijana wa kazi walipoomba kwenda naye, aliwaambia gari limejaa. Walipouliza dishi la Rhamu analielekezaje likakaa mwaka mzima bila kuyumba, alisema ni mkono tu. Guleid aliwahi kumwomba amfundishe, kwa heshima, mbele ya watu. Dancan alimjibu kwamba minara haipandwi na waoga, na akalala usingizi mzuri sana siku ile.

Mwezi wa Agosti 2024 alianza kupata shida ya kumeza. Madaktari waligundua saratani ya umio. Alitibiwa Garissa na Nairobi, akakonda, sauti ikapungua, lakini hakuacha kuuliza nani anafanya nini kazini.

Katika mwezi wa Februari 2025 upepo uligeuza dishi la Rhamu, na zahanati, shule na maduka ya kule yakabaki bila mtandao. Kampuni ikamtuma Guleid kwa kuwa hakukuwa na wa kumtuma. Siku ya pili, mchana wa jua kali, simu ya Dancan ililia. Alikuwa ameketi barazani, Mueni akimlisha uji mwepesi. Aliona jina, akailaza simu kifudifudi. Ikalia tena.

"Hiyo ni ya Guleid," Risper akasema kutoka jikoni.

"Najua."

"Si upokee?"

"Ana vyeti vingi. Aviulize vyeti vyake."

Risper akatoka, mwiko mkononi. "Dancan, ukiondoka, nani atawasha hiyo minara? Ama unataka tukuzike nayo?"

Neno hilo, ukiondoka, lilikuwa bado halijatamkwa na mtu katika nyumba ile. Dancan aliitazama simu. Mueni alikaa naye karibu vya kutosha kuuona uso wake, na alijua kinachompa shida. Kati ya vitu vyote duniani, minara ile ndiyo pekee aliyokuwa nayo ambayo Guleid hakuwa nayo. Akiitoa atabaki na nini? Simu ikalia mara ya tatu. Akaipokea.

"Sema kwanza hujui," akamwambia.

"Warya, jua inaniua huku..."

"Sema."

"Sijui. Walahi sijui. Hii dishi imenishinda kabisa."

"Rudia. Nimeweka spika, Mueni asikie."

Guleid akarudia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Dancan alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Kisha akamuuliza analielekeza dishi saa ngapi, na Guleid akasema mchana, mtu anapoona vizuri.

"Mchana ardhi ya Rhamu inachemka, mawimbi yanapinda. Ukilifunga sasa, kesho limepotea. Ngoja alfajiri, ukishasali, hewa ikiwa imetulia. Lielekeze, kaza nati, usiliguse tena. Na upande mwenyewe, usitume mtu."

"Mimi na kubanda, Dancan, unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nakwambia upande."

Guleid alipanda. Anasema alipanda amefumba macho, akisoma kila sura aliyowahi kuhifadhi, na kabla jua halijawa kali Rhamu ilikuwa hewani.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuja na maziwa ya ngamia, na Dancan akamfundisha. Msidhani alikuwa mwalimu mpole. Alimfokea, alimwita majina, na mara nyingine alimficha jambo makusudi, kisha likamwasha mwenyewe hadi akampigia simu Jumatatu kumwambia. Alikuwa na wivu na kila kitu alichokuwa akikitoa, na alikitoa. Mgonjwa yule, aliyeshindwa kumaliza kikombe cha maji, aliweza kusema saa nzima juu ya upepo wa Banissa.

Tarehe 3 Septemba 2025 Guleid aliufanya mtihani wa minara mjini Nairobi, na kutoka kituoni alikwenda moja kwa moja hospitali alikolazwa Dancan.

"Umepita?"

"Alhamdulillah."

"Ngapi?"

Guleid akamtazama Risper. Risper akatikisa kichwa kwamba asiseme. Lakini wale wawili walikuwa wameshadanganyana mara moja, ndani ya boti, na haikuwafaa.

"Nimekubita kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Alama kumi na moja."

Dancan aligeukia ukutani. Guleid alisimama pale mpaka muda wa wageni ulipokwisha, akaondoka bila kuagwa. Baadaye muuguzi alikuja kubadilisha dripu, akauliza yule mzee mrefu aliyetoka akijifuta macho ni nani.

"Mwanafunzi wangu," Dancan akasema, bado ameelekea ukutani. "Kila kitu anachokijua nimemfundisha mimi. Mwiteni arudi."

Walimkuta bado yuko getini. Alipoingia, Dancan alimwambia neno moja tu la kazi: "Nikipona naurudia huo mtihani."

"Urudie," Guleid akasema, akaketi kitandani. "Mimi nitakungoja."

Dancan alituacha asubuhi ya Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Mueni alipompigia Guleid, simu ilipokewa na Jelle, mlinzi wa mnara wa Banissa, akasema mwenyewe yuko juu anafunga dishi. Mueni alimwomba asimwambie kitu. Alisubiri mpaka Guleid aliposhuka na kukanyaga chini, ndipo akampa habari.

Marehemu alitanguliwa na baba yake, Mzee Josephat Munyao, mwaka 2014. Ameacha mama yake, Beth Kalekye. Mjane wake, Risper Kemunto. Watoto wake, Mwende na Kioko. Na dada yake, Mueni. Ameacha pia Guleid Aden, ambaye hana cheo katika ukoo huu. Tulikubaliana kwamba aandikwe, na kwamba aandikwe wa mwisho, kwa sababu Dancan asingekubali amtangulie mtu yeyote hapa. Mungu ampe pumziko ndugu yetu, mahali ambapo hakuna wa kumshinda.