Mbuzi Hasikii Majibu

Mwaka televisheni zilipoanza kuuzwa Dodoma, nilikaa kwenye basi nyuma ya mzee wa kijiji cha Haneti. Alikuwa na uvimbe tumboni, anakwenda hospitali kupigwa picha. Jirani yake kitini, Mama Sherbanu wa duka la vitenge, alishapigwa ya kwake.

“Wanakupaka mafuta ya baridi, wanapitisha kidude, tumbo lote linaonekana kwenye televisheni. Kama ni saratani, wataiona.”

“Bila kuchinja?” mzee akashangaa. “Sisi mbuzi tunamchinja kwanza, ndipo tunausoma utumbo kujua yajayo.”

“Kwani wewe mbuzi, mzee wangu?”

“Heri mbuzi, mama. Majibu hayasikii.”

“Na hatibiwi!”

Basi likasimama hospitalini. Mzee akainuka upesi, nikafurahi. Kumbe alikuwa anampisha Mama Sherbanu, aliyeshuka hapo kwenda sokoni; yeye akaketi tena.