Zadock Okinyi Opondo na Ukuta Usio na Mlango

"Huyu mtu alijenga nyumba ikapatia lango mgongo! Sasa mnataka tumtoe aje, kwa dirisha?"

Hayo ni maneno ya Mzee Aloo Opondo, kaka mkubwa wa marehemu, kwa kamati ya mazishi Jumanne iliyopita. Aliyasema akiwa ndani ya hiyo hiyo nyumba, amekalia kiti ya marehemu, viatu ametoa, miguu amenyoosha. Nje jua lilikuwa linachoma mpaka kuku wamejificha chini ya meza. Hema ilikuwa imesimamishwa, viti vimepangwa, na hakuna hata mtu mmoja alikaa huko. Kamati yote ilijazana ndani, wakisema hiyo nyumba ni mbaya.

Mimi ni Brandon. Baba yangu alikuwa anafuatana na marehemu kwa kuzaliwa, akatutangulia, na Baba Zadock ndiye alinilea. Niliambiwa niandike wasifu kwa adabu na nianze na kuzaliwa. Nimeanza na ukuta kwa sababu hiyo ukuta ndio kazi yake yote, na kuna watu wanataka kuja na nyundo kuibomoa. Niliachia shule Form Two, kwa hivyo msitafute hapa Kiswahili ya mtihani. Hasira itakuwa kidogo pia. Mtanivumilia.

Zadock Okinyi Opondo alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa nyumbani, juu ya Otonglo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Opondo na marehemu Mama Adongo. Alizaliwa asubuhi, ndio akaitwa Okinyi. Nyanya alikuwa anatuambia huyu mtoto hakuwa analala ndani mchana. Alikuwa anabeba mkeka yake na kuzunguka nyumba akifuata kivuli. Ukitaka kujua ni saa ngapi, unaangalia Okinyi amelala upande gani. Watu walicheka hiyo miaka yote. Alicheka pia. Lakini alikuwa anasoma nyumba, na hakuna mtu alijua.

Alisoma shule ya msingi hapa Otonglo kutoka 1976 hadi 1982, akamaliza sekondari 1986. Kutoka 1988 hadi 1990 alisomea mambo ya friji na baridi kwa chuo huko Kisumu mjini. Mwaka 1991 aliandikwa kwa kiwanda ya samaki karibu na ziwa, kutunza vyumba vya barafu ambapo mbuta inawekwa ikingoja ndege. Mwaka 1999 alienda Nairobi kufanyia kampuni ya kuweka mitambo ya hewa kwa majengo makubwa. Huko ndiko alirudi darasani, jioni baada ya kazi, akasomea kudizaini: joto inaingia nyumba wapi, inatoka wapi, na mashine ya ukubwa gani inatosha. Alipata cheti yake mwaka 2004. Aliitundika jikoni. Alisema jikoni ndiko joto iko, cheti ikae ikiangalia adui.

Kwa kava ya hii programu mmeandika "Injinia Zadock." Ni sawa. Lakini akiwa hai nani alimuita Injinia hapa? Mlimuita Baridi. "Baridi amekuja." "Baridi, friji yangu inalia." Kufa ndio imempandisha cheo.

Ndoa yake ilitoka kwa hiyo kiwanda ya samaki. Mercyline Nakhungu, msichana wa Kimilili, alikuja kufunga minofu, na siku ya kwanza hakuambiwa avae nguo nzito. Zadock alimpata akitetemeka mlangoni, akavua koti yake akampa, akarudi kwa chumba ya barafu na shati tu. Alikohoa wiki nzima. Walifunga ndoa kanisani tarehe 13 Desemba 1997. Mama Mercyline mwenyewe husema, "Wanawake wengine waliolewa na wanaume wa moto. Mimi nililetewa baridi, na sijawahi kujuta." Mungu aliwapa watoto wawili, Adongo na Sydney.

Mwaka 2012 aliacha Nairobi akarudi, akafungua darasa Mamboleo, nyuma ya hardware. Sio darasa ya kubadilisha gesi. Hiyo iko kila kona. Alifundisha vijana wa Manyatta, wa Bungoma, wa hapa, kudizaini baridi ya nyumba mzima. Na wiki za kwanza hakuna mtu aligusa mashine. Unapewa futi, karatasi, na dawa ya mbu ya kuwasha. Unazunguka nyumba na ile moshi ukiangalia upepo inapita wapi. Unahesabu madirisha, unaangalia mabati, unauliza watu wangapi wanalala hapo na wanapikia wapi.

Wekesa, ambaye yuko hapa leo, alikasirika siku moja mbele ya wote. "Mwalimu, mimi nilikuja kusomea AC. Hii kufuata moshi nitaambia nini watu wa kwetu?"

"Moshi imeenda wapi?"

"Imetoka kwa mlango."

"Na wewe ungeweka AC wapi?"

"Hapo juu ya mlango."

"Basi Wekesa, wewe ungepoza Mamboleo yote na mwenye nyumba bado anatoa jasho."

Wekesa leo ndiye anapanga hesabu ya joto kwa majengo huko mjini. Mwambieni kama moshi ni mchezo.

Kuna mwenye hoteli mmoja, jina sitataja kwa sababu najua atakuja na ataketi mbele. Alimuita Zadock aweke AC kwa vyumba vyake. Zadock akazunguka na moshi yake, akamwambia, "Bwana, paka mabati rangi nyeupe, weka dari, ziba hizi nyufa. Halafu uniite, nikuwekee mashine ndogo." Yule bwana alimfukuza. Alisema ameita fundi, hajaita pastor. Akaleta watu wengine, wakaweka mashine kubwa kwa chumba kidogo. Mashine kubwa inapoza haraka inazima, inawaka tena inazima, unyevu haitoki kwa hewa. Ukuta zikaota ukungu, wageni wakakohoa, token za stima zikaisha kama maji kwa mchanga. Na huyo huyo bwana alitembea Kisumu mzima akisema, "Hizi vitu za AC Zadock anafundisha ni uongo." Baba Zadock alisikia. Mimi ndiye nilitaka kwenda huko, akanishika mkono.

Sasa nyumba. Aliijenga 2015 na wanafunzi wake, kila darasa ikiongeza kitu. Lango ya hii boma inaangalia magharibi. Kila mtu hapa anajua mila inataka nyumba ya mwenye boma iangalie lango. Lakini magharibi ndiko jua la saa nane na saa tisa linapiga, lile linapika ukuta mpaka usiku wa manane unalala kama uko kwa jiko. Kwa hivyo upande wa lango aliweka ukuta nzito, bila mlango, bila dirisha. Mlango aliweka upande wa ziwa, na veranda ndefu ya kivuli, ndio upepo ya mchana iingie. Upande ingine, juu kabisa chini ya paa, akaacha matundu ya joto kutokea. Kwa dari alipanga magunia ya maganda ya mpunga kutoka Ahero, chini yake mikeka ya mafunjo.

Si kila kitu kilienda sawa. Maganda ya kwanza hayakupepetwa, yalikuja na mchele ndani. Panya wa Otonglo yote wakahamia. Mama Mercyline alitoka nje na godoro akasema, "Zadock, chagua. Ni mimi ama ni hawa wapangaji wako." Alishusha dari mzima, akapepeta maganda, akayachanganya na chokaa, akapandisha tena. Kutoka hapo hiyo ikawa somo kwa darasa: kila mwanafunzi lazima apepete maganda kabla hajagusa karatasi ya hesabu.

Hiyo nyumba haina AC hata moja. Kila mwaka ndiyo mtihani ya mwisho. Wanafunzi wanaihesabu ukuta kwa ukuta, wanaandika joto ngapi inaingia, halafu anakuja mtahini kutoka nje anapima ndani na nje, anaona kama hesabu yao ni ya kweli. Darasa ya sasa imekaa na hiyo hesabu miezi. Mtihani ni Jumatatu hii. Ukitoboa mlango kwa ukuta ya magharibi, jua linaingia, upepo inapotea njia, na hao vijana wanarudi nyumbani bila cheti. Na Mama Mercyline anabaki kulala kwa jiko. Hiyo ndiyo mnaita mlango tu.

Baba Zadock alianza kuugua pressure mwaka 2022. Mwezi wa Novemba 2024 alipata stroke, upande wa kulia ikalegea. Aliendelea kufundisha akiwa kwa veranda, anaelekeza na mkono wa kushoto. Alilazwa tarehe 3 Februari mwaka huu. Na hapa nitasema kitu, mnisamehe ama msinisamehe. Mzee Aloo alienda kumuona, akasimama kando ya kitanda, akamwambia Mama Mercyline, mgonjwa akisikia, "Hii ni chira. Mtu akivunja mila ya wazazi, mwili yake inalipa. Ile ukuta ndiyo inamuua."

Mtu amelala, hawezi kugeuka, na ndugu yake anamwambia nyumba yake imemuua.

Mama Mercyline akamjibu, "Shemeji, dawa iko kwa ile drip. Ukuta haina sindano."

Alituacha Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, asubuhi. Alikuja na asubuhi, akaenda na asubuhi. Alikuwa na miaka hamsini na tano.

Ameacha mjane, Mercyline Nakhungu, watoto, Adongo na Sydney, kaka, Mzee Aloo Opondo, mimi, na wanafunzi wa miaka kumi na mbili, na wengi wenu mnakaa kwa nyumba ziko na hewa safi na hamjui ni kazi yao.

Hapo ndio karatasi mnashika inaisha. Hii ingine nimeongeza na kalamu leo asubuhi.

Jana mwili ulifika. Kamati iliamua ukuta itobolewe asubuhi hii, kabla ya ibada, mwili itoke ikiangalia lango, na kaburi ichimbwe upande wa kulia wa huo mlango mpya. Nyundo ililetwa ikaegemezwa hapo. Halafu usiku Mzee Aloo alisema anaingia ndani kukaa na ndugu yake kidogo. Alilala. Wazee wote walilala. Huko ndani kuna baridi tamu, nani atakataa?

Mwanaume anazikwa upande wa kulia wa mlango wake. Hiyo mila tunaijua na tunaiheshimu. Vijana wa boma ndio wanachimba, na mimi ni kijana wa boma, na Wekesa na darasa mzima wakashika jembe wakanisaidia. Kulipokucha Mzee Aloo alitoka akipangusa macho, akapata kaburi imekwisha, iko upande wa ziwa.

"Omera, nani amewaonyesha hapa?"

Wekesa akajibu, "Mlango, Mzee."

"Mlango gani?"

"Iko mingapi?"

Mzee akaangalia nyumba. Akaangalia ukuta. "Chimbeni ingine huku," akasema.

Hapo ndio Mama Mercyline alitoka. Hakupiga kelele. "Shemeji, kaburi ikishachimbwa kwa boma haiachwi tupu. Wewe ndiye ulinifundisha hiyo nikiolewa hapa. Kama Zadock anaenda huku, hii tunaweka nani ndani?"

Wazee waliangaliana. Hakuna mtu aliinua mkono. Mzee Aloo akasema yeye hajakataa hapa, ameuliza tu. Halafu akarudi ndani kutafuta viatu yake.

Kwa hivyo Baba Zadock atatoka kwa mlango wake aliouweka mwenyewe, na atalala mkono wa kulia, mahali upepo ya ziwa inafika kwanza. Lakini nyundo bado iko kwa ukuta, na nimesikia wengine wakisema, "Tumalize kuzika, hiyo ingine tutaangalia Jumapili." Nimesikia.

Baba, umefuata kivuli maisha yako yote. Sasa acha kuzunguka. Kivuli imekupata. Lala salama.

Pastor ataendelea. Mimi sitakaa kwa chakula. Hiyo nyundo iliazimwa kwa Wechuli, fundi wa mawe pale Otonglo, na naipeleka sasa hivi, kwa miguu, kupitia lango, kila mtu akiniona. Wekesa amebaki kwa ukuta. Anapima.