Bi Milimita: Miaka Thelathini na Mmoja Kati ya Ringi na Tairi

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, fundi mkuu wetu wa magurudumu anastaafu rasmi baada ya kuitumikia karakana hii miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku kadhaa ambazo yeye mwenyewe anazijua. Kwenye karatasi za ofisi ana jina kamili na namba ya mfanyakazi. Huku chini tunakofanya kazi anaitwa Bi Milimita, na wateja wengi hawajui kama ana jina jingine.

Alianzia stoo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga spoki kwa urefu, na katika mwaka mmoja akawa anaweza kuishika spoki mkononi na kusema urefu wake bila kuipima. Fundi wa magurudumu wa enzi hizo, mzee mmoja mkimya, alimjaribu mara tatu kwa spoki zilizochanganywa. Mara ya nne akamwambia aache ufunguo wa stoo mezani na kuvuta kiti. Tangu siku hiyo amekaa pembeni mwa dirisha la mashariki, mbele ya stendi ya kunyooshea ringi, na kiti chenyewe kimebadilishwa mara tano.

Anayesoma haya na hajawahi kufika karakana anaweza kudhani kuunda gurudumu la baiskeli ya mbio ni kukaza spoki tu. Hilo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo Bi Milimita ameifanya kuwa yake, ni kuamua ringi ya upana gani ibebe tairi ya ukubwa gani, na nani ataipanda, na barabara ipi. Hapo ndipo watu hukosea, naye hajawahi kuficha kwamba aliwahi kukosea pia.

Miaka ile ya mwanzo, kila mtu wa mbio aliamini kitu kimoja: tairi nyembamba, upepo mwingi. Ukiigonga kwa ukucha ilie kama mlango, basi uko tayari. Bi Milimita aliamini hivyo hivyo. Mdogo wake wa kiume alikuwa mwendesha baiskeli hodari, yuko mbioni kuchaguliwa timu ya mkoa, na dada mtu akamuundia magurudumu mapya: ringi nyembamba, tairi za milimita ishirini, upepo wa kujaza hadi pampu ikagoma. Yule mdogo akarudi baada ya wiki akilalamika kwamba mikono inakufa ganzi na kwenye kona baiskeli inarukaruka.

Dada akamjibu, "Mbio si godoro. Kaza mikono."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu, akavunjika mtulinga. Ilikuwa kona ya kawaida yenye lami iliyochakaa; tairi ikadunda, ikapoteza ardhi, naye akaenda chini kwa bega. Uchaguzi wa timu ukafanyika yeye akiwa amefungwa mkono kifuani.

Hakumlaumu dada yake, na hilo ndilo lililomuuma dada mtu zaidi. Aliwahi kusimulia kwamba siku alipomtembelea, mdogo wake alikuwa akijifunza kula kwa mkono wa kushoto na kumchekesha mama yao, na yeye akashindwa kukaa. Alitoka, akaja karakana siku ya Jumapili, akafungua yale magurudumu mawili na kuyatazama mpaka jua likazama.

Kuanzia hapo akaanza kupima. Alipaka tairi rangi ya viatu, akaikandamiza juu ya karatasi nyeupe kwa uzito mbalimbali na upepo mbalimbali, akaangalia alama iliyobaki. Aliweka tairi moja kwenye ringi tatu za upana tofauti na kuona ajabu: namba iliyoandikwa ubavuni ilibaki ile ile, lakini tairi yenyewe ilinenepa kadiri ringi ilivyopanuka. Tairi iliyoandikwa ishirini na nane ikafika thelathini kasoro. Hapo ndipo ulipozaliwa msemo wake ambao wengi wetu tumeupata tukiwa na makosa mkononi: "Namba ya kwenye tairi ni jina tu. Ipime ujue tabia."

Alimuundia mdogo wake magurudumu mengine. Ringi pana kidogo, tairi za ishirini na tano, upepo uliopunguzwa hadi wenzake wakamcheka. Mwaka uliofuata alichaguliwa timu ya mkoa, akakimbia misimu minne, akaacha kwa hiari yake mwenyewe. Leo ni baba wa watoto watatu na bado huipokea shikamoo ya watoto wa jirani kwa mkono wa kushoto, kwa mazoea.

Katika kupima huko, Bi Milimita alijijengea desturi ya kumuuliza kila mteja uzito wake kabla hata ya kumuuliza anataka rangi gani. Wengi hujibu. Wengine hupunguza. Kuna bwana mmoja, mtu mzito kwa cheo na kwa kila kitu, alikuja na mkewe kuchagua magurudumu, akataja kilo sabini na tano huku akitazama dari. Bi Milimita akaandika sabini na tano, kisha akamgeukia mke wake kwa upole: "Na wewe shemeji, unasemaje?" Mke akasema mia moja na mbili. Bwana alipewa tairi za thelathini na mbili na hajawahi kupasua hata moja. Kila mwaka hurudi na kusema kilo zake kwa sauti mlangoni, kabla hajaulizwa.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho mwandishi wa maneno haya angependa kisisimuliwe, na ambacho ndicho sababu ya kuomba nafasi ya kuandika.

Miaka sita iliyopita timu moja ya mbio iliagiza kwetu jozi kumi na mbili za magurudumu, za akiba zikiwemo. Mimi nilikuwa ofisi ya ununuzi, mwezi wa nne kazini, bado katika kipindi cha majaribio. Niliagiza ringi za kisasa, zile pana, zenye milimita ishirini na tano kwa ndani. Kisha nikaagiza tairi za ishirini na tano. Nilijiona nimepatia: namba zinafanana, zitakaa sawasawa kama kifuniko na sufuria. Bi Milimita aliunda magurudumu yote ishirini na manne kabla ya tairi kufika. Zilipofika, akavalisha moja, akajaza upepo, akalizungusha gurudumu taratibu. Kisha akanitumia mtu aniite.

Tairi ilikuwa imesimama wima kama mtu aliyevutwa masikio. Badala ya kufura nje ya ringi na kuikinga, kingo za ringi ndizo zilizotangulia mbele. Akanieleza kwa sentensi mbili: jiwe likigonga, litagonga ringi, na kwenye kona tairi inaweza kuchomoka. Mbio zilikuwa baada ya siku kumi na moja. Tairi pana zaidi zingechukua wiki tatu kufika.

Nilichosema baadaye sikijivunii. Nilisogea karibu nikasema, "Mama, imeingia, na upepo imeshika. Tunyamaze tu. Wao hawatajua."

Aliweka chini kipimo chake. "Wao hawatajua, mwanangu. Barabara itajua."

Nikamwambia nitafukuzwa kazi. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Inawezekana. Twende kwa bosi. Sema wewe kabla sijasema mimi, hapo utakuwa umebaki na kitu."

Tukapanda ngazi. Nilisema. Mkurugenzi wetu, ambaye hakuwa mtu wa kupandisha sauti, alishuka nasi hadi kwenye stendi, akaibonyeza ile tairi kwa kidole gumba. "Lakini mbona imekaa vizuri?"

"Hata kofia ya mtoto hukaa juu ya kichwa cha mtu mzima, bosi," akajibu Bi Milimita. "Ngoja upepo uvume."

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa ameshaahidi tarehe, na jina la karakana lilikuwa limebandikwa kwenye fulana za timu. Akauliza kama hakuna namna. Bi Milimita akafunga gurudumu kwenye baiskeli ya majaribio, akamwomba fundi wa fremu, mtu mwenye moyo wa simba, aipitishe polepole juu ya ukingo wa mfereji uani. Ringi ikagonga saruji kwa mlio ambao kila mtu aliusikia mpaka ofisini. Alipokata kona kurudi, tairi ikachomoka upande mmoja na fundi akashuka akikimbia kwa miguu. Mkurugenzi akakaa juu ya kreti.

"Haya," akasema. "Nambie unataka nini."

Alichotaka kilikuwa stoo, rafu ya chini kabisa, chini ya maboksi ya kengele: ringi za zamani zenye milimita kumi na tisa kwa ndani, ambazo sisi wa ununuzi tulikuwa tumeziandika kama bidhaa zilizopitwa na wakati. Kwa tairi za ishirini na tano zilikuwa ndizo hasa. Ila ilimaanisha kufungua magurudumu yote ishirini na manne na kuyaunda upya, tena kwa spoki ndefu zaidi kwa milimita mbili. Spoki hizo zilikuwepo. Aliyejua ziko boksi gani ni yeye.

Kabla ya kugusa chochote alimpigia simu kocha wa timu. Angeweza kumwachia mkurugenzi, lakini alisema aliyeunda ndiye aongee. Kocha alinguruma dakika nne bila kupumua. Sote tulimsikia ingawa simu ilikuwa sikioni kwake. Aliponyamaza, Bi Milimita akasema, "Una haki. Umemaliza? Basi nitajie uzito wa kila kijana wako, mmoja mmoja, na usiwapunguzie."

Siku tisa zilizofuata ndizo bora nilizowahi kufanya kazi. Wahasibu walipitisha spoki kwenye tundu. Mkurugenzi alipewa kazi ya kuhesabu njugu za spoki, zile nati ndogo za kukazia, na akakosea mara mbili, akarudishwa kuanza upya kama mtu mwingine yeyote. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo niliistahili, na kiti pembeni mwa Bi Milimita, ambacho sikukistahili. Yeye peke yake ndiye aliyekaza na kunyoosha. Kila gurudumu lilifungwa kikaratasi chenye upepo wa mbele na wa nyuma kwa mwenye uzito wake. Siku ya kumi kocha alikuja kuyachukua, akakagua moja baada ya jingine kwa uso wa mtu anayetafuta ugomvi, akaondoka bila kuupata.

Hawakushinda. Walimaliza nafasi ya nne, na mvua ilinyesha nusu ya njia. Jumatatu kocha akarudi, akasimama mbele ya dirisha la mashariki na kofia mkononi.

"Wa nne," akasema. "Lakini wote saba wamerudi kwa miguu yao. Mwakani naleta vijana wanane."

Bi Milimita alimpa mkono, akamwomba asogee kidogo maana alikuwa anamkinga mwanga.

Kwa miaka yote sita tangu hapo timu hiyo ni mteja wetu. Mwandishi huyu alimaliza kipindi cha majaribio, na kila agizo la ringi na tairi linalotoka ofisi ya ununuzi hupita kwanza kwenye meza ya Bi Milimita kupata sahihi. Ukuta wa karakana una jedwali alilolichora kwa mkono wake: upana wa ringi ubavuni, ukubwa wa tairi juu, na vyumba vyekundu vya michanganyiko isiyoguswa. Mafundi kumi na mmoja wamepita mikononi mwake, na wanne kati yao wana karakana zao. Anatunyima sifa moja tu: hajawahi kukubali kwamba chai yetu ni chai.

Wiki iliyopita aliletewa kazi yake ya mwisho, baiskeli ya nesi mmoja anayezunguka kata nzima kuhudumia wagonjwa majumbani, lami nusu na vumbi nusu. Nesi aliomba tairi nene kuliko zote. Bi Milimita alimgeukia fundi wa fremu, yule yule wa mfereji, ambaye anachukua nafasi yake, akamuuliza, "Wewe unasemaje?" Fundi akapima uma unaoshika gurudumu la mbele, akapima ringi, akamuuliza nesi kilo zake, akawaza. Akasema thelathini na mbili. Thelathini na tano ingekwaruza uma ikishika tope. Tulisubiri Bi Milimita aongeze neno. Alichukua mkoba wake na kwenda kunawa mikono.

Atakuwa nyumbani na mumewe, mwalimu mstaafu ambaye katika ndoa yao yote hajawahi kupanda baiskeli hata mara moja na anasema hana mpango huo. Tunaomba dua kwa ajili ya mwalimu.

Mama, umetufundisha kusema ukweli kabla barabara haijautangaza. Kwa niaba ya karakana nzima, na kwa niaba yangu niliyebaki na kazi na kitu kikubwa kuliko kazi, asante. Tunakutakia uzee wenye afya, asubuhi zisizo na haraka, na maisha mema marefu.