Udongo wa Uganda Niliousifu Kanisani

Bwana asifiwe! Nyinyi wa karibu na mlango sijawasikia. Asifiwe tena! Chamgei, hamjambo, watu wa Mungu. Mnanijua, mimi ni Rael, mama yake Chelangat, yule mjane mwenye chai pale chini ya barabara ya Litein. Nimekuja kumshukuru Mungu, lakini nawaambia mapema, nimekuja na hasira pia. Pasta amenipa dakika kumi. Pasta, utanisamehe.

Ndugu zangu, miaka michache baada ya vyama vingi kurudi nchini, diwani wetu alikuja hapa kanisani na gunia. Simtaji jina, mnamjua. Tukamketisha mbele, kama tabia yetu mbaya ilivyo! Mtu akishuka kwenye gari tunamletea kiti chenye kitambaa, na mama aliyetembea kutoka Kapsoit anasimama dirishani na mtoto mgongoni. Diwani akasema Uganda imefunguka. Serikali ya kule inaita wawekezaji, matajiri waliofukuzwa zamani wanarudi, wazungu wanajenga viwanda. "Na nyinyi mtakaa na ekari moja moja mpaka lini?" Akasema yeye na mkubwa mmoja wa kule wamefungua kampuni ya chai. Shamba lipo, kubwa, halina mtu. Kila mmoja wetu atoe hati yake ya shamba, benki ya kule iishike, kampuni ikopeshwe, na sisi tuwe wenye hisa.

Kisha akafungua gunia. Ndani yake kulikuwa na udongo mwekundu wa huko Uganda.

Hapo ndipo nilipopotea. Sisi watu wa chai tuna ugonjwa wetu, ndugu zangu. Ukituletea karatasi tunakushuku, ukituletea udongo tunakuamini! Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa chai, na mtu akitaka kupanda miche alikuwa anakuja kuniita mimi nimwangalilie shamba. Basi nikachota udongo, nikaumwagia maji kidogo, nikaufinya kiganjani, nikaunusa. Jamani, ulikuwa udongo mzuri ajabu! Nikageuka, nikasema mbele ya madhabahu hii, "Akina mama, huu ni udongo wa chai."

Sikusema lingine. Lakini kabla mwezi haujaisha, akina mama kumi na mmoja walikuwa wamempa diwani hati zao, na mimi wa kumi na mbili. Wengine walizitoa sandukuni waume wao wakinung'unika. Hawakumwamini diwani, hata kidogo. Waliniamini mimi.

Baadaye diwani akaniambia ninahitajika Uganda. Benki inataka mwakilishi wa wakulima atie sahihi kwamba wawekezaji wamefika, wameliona shamba, na liko wazi. Nikavaa nguo zangu za kongamano, tukapitia Malaba kwa gari lake, siku mbili njiani. Akanipamba kweli kweli! Eti nitakuwa mkurugenzi. Mimi, Rael! Na aibu yangu ni hii, nilifurahi. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya mapazia ya ofisi yangu.

Tulipofika, wakubwa wa kampuni na wa benki walikuwa wamekaa kwenye hema na mafaili yao. Nikasema, ngoja kwanza nione udongo. Nikatembea. Udongo ulikuwa ule ule, diwani hakudanganya hapo. Lakini juu yake kulikuwa na migomba, na maharagwe yenye maua, na mbuzi, na nyumba, na kaburi lenye msalaba! Shamba gani hilo lisilo na mtu?

Mama mmoja wa rika langu akatoka na jembe. Alijua Kiswahili kidogo, kwa sababu marehemu mumewe aliwahi kuchuma chai huku kwetu Kericho. Akaniletea kigoda. Akanipakulia ndizi za kupikwa kwenye jani. Aliponiona nimeanza kula ndipo akaniuliza kwa upole, "Mama, ni nyinyi mnakuja kuchukua hapa? Mtatuacha tuvune maharagwe kwanza?"

Haki ya Mungu, nikaiweka ile ndizi chini! Angenitukana ningemrudishia.

Nikamkumbuka Mama Moraa. Wale wazee mnamkumbuka, jirani yangu aliyetoka Kisii, aliyenifundisha kupogoa chai mume wangu alipofariki. Wakati ule wa vurugu za uchaguzi, watu wa makabila mengine wakichomewa nyumba wahame, alipita langoni kwangu na godoro kichwani. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni. Nikainama nikajifanya nakoroga uji! Nilijiambia hiyo ni siasa, mimi nina uhusiano gani na siasa? Na sasa siasa ilikuwa imenisafirisha mpaka Uganda, imenikalisha kwenye kigoda, inaningojea na kalamu.

Nikarudi kwenye hema. Mkubwa mmoja akaniambia nisiwe na wasiwasi, wale ni maskwota, sahihi yangu ikishaingia askari watawaondoa. Nikasema, "Hapa pana watu. Sitii sahihi." Diwani akanisogelea sikioni. "Mama, usiniaibishe. Hati zenu ziko nyumbani kwangu. Ukirudi bila sahihi, wale akina mama utawaambia nini?"

Niliona sura zao wote, mmoja mmoja, na watoto wao. Niliomba ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Nilisema tu, "Yesu." Nikaiweka kalamu mezani. Diwani akapanda gari lake akaniacha pale pale, na nguo zangu za kongamano. Nilirudi Kenya kwa kubadilisha mabasi.

Jumapili nikasimama hapa nikawaeleza. Wengine walilia, mmoja alinifokea, na alikuwa na haki. Jumatatu, siku ya kuchuma, tulibeba vikapu vyetu mgongoni kama tunaenda shambani, tukaenda kuketi mbele ya nyumba ya diwani. Mnajua maana ya kuacha majani yakomae, kiwanda hakiyanunui tena! Tuliacha. Siku tatu. Uchaguzi ulikuwa karibu, na kila aliyekwenda sokoni alisimama kuuliza hawa akina mama wana nini. Tulimwambia.

Siku ya tatu akatoka na bahasha. Benki ilikuwa imekataa kuzipokea hati bila ile sahihi! Hazikuwa zimeondoka nyumbani kwake hata siku moja. Ningetia sahihi, leo zingekuwa Kampala. Mungu wetu halali, jamani, pigeni makofi!

Tukahesabu. Zilikuwa kumi na moja. Yangu haikuwemo. "Ya mwenyekiti imepotea," akasema, na alikuwa anacheka. Mpaka leo nachuma chai kwenye shamba ambalo siwezi kuonyesha ni langu. Ofisi ya ardhi wananiambia njoo wiki ijayo. Nina hasira! Ushuhuda gani huu, mtasema. Ni wangu, na siupaki sukari.

Nilimtafuta Mama Moraa nikampata kwao, nikamwomba msamaha. Hajanisamehe. Alinipa chai na kusema nirudi nikitaka. Nitarudi.

Ndugu yangu, najua kuna mtu hapa ameletewa karatasi atie sahihi, na moyoni anajua kuna mwenzake ataumia. Mwamini Yesu, uikatae. Sikudanganyi kwamba hutapoteza kitu. Mimi nimepoteza, na usingizi wangu ni mtamu kuliko wa diwani. Kama unaogopa, njoo hapa mbele sasa hivi nisimame na wewe, na kesho nitakusindikiza kwa huyo mtu mlangoni kwake. Kongoi, asanteni. Nani anakuja?